Shahada ya fizikia: Tuhesabu deni kabla ya kuhesabu mshahara



Kila yanapotoka matokeo ya kidato cha sita, darsa yetu ya baada ya Alasiri hapa Majengo, Dodoma, hubadilika. Maswali ya udhu na mirathi hupungua, na wazazi huanza kuuliza mambo ya vyuo. Msimu uliopita mzee mmoja anayeuza nafaka pale sokoni alinisubiri mpaka watu wakatawanyika, kisha akaniambia: "Ustadhi, kijana wangu amechaguliwa kusoma fizikia chuo kikuu. Wenzake wamepata uhandisi, yeye kapangiwa fizikia. Hiyo fizikia inalipa? Na huo mkopo wa Bodi, ni halali au ni riba?"

Aliuliza maswali mawili kwa mpigo, na hofu yake ina sababu. Binti yake mkubwa alimaliza shahada ya masomo ya sanaa, akakaa nyumbani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sasa ni wa nne. Deni analo, kazi hana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilimjibu kwa ufupi jioni ile, lakini swali lake ni la nyumba nyingi za Waislamu wa mijini, na linahitaji hesabu zaidi kuliko mawaidha.

Nitangulize jambo moja. Mimi si mwanafizikia. Nafundisha Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari, na fizikia yangu iliishia kidato cha nne. Ila nimesoma chuo kikuu kwa mkopo, nimekatwa mshahara kwa sheria ya zamani na kwa sheria mpya, na katika chumba cha walimu nimezungukwa na walimu wa sayansi ambao hati zao za mshahara tumezipigia hesabu pamoja wakati wa chai. Ninayoyaandika yametoka huko.

"Bumu" ni deni

Wazee wetu waliosoma Mlimani miaka ya 1970 hawakudaiwa kitu. Serikali iliwalipia, nao wakatakiwa walitumikie taifa. Ilipokuja sera ya kuchangia gharama, mambo yakageuka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, na ilikabidhiwa kukusanya hata mikopo iliyotolewa tangu mwaka wa masomo 1994/95. Mwaka 2007 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma kule Chimwaga, na ghafla watoto wa Majengo wakawa na chuo kikuu cha kwenda kwa daladala.

Lakini lugha ya mtaani haikufuata sheria. Mzazi akiulizwa mwanawe anasomaje, hujibu: "Serikali inamlipia." Mwanafunzi naye fedha ya chakula na malazi inapoingia huiita "bumu", neno linalofanana na mlipuko wa sherehe. Siku bumu linapoingia, simu mpya zinanunuliwa, na kuku wa kukaanga wanaisha mapema. Sijasikia hata mara moja mwanafunzi akisema "leo nimekopa tena laki sita". Na ndivyo ilivyo: kila bumu linapoingia, amekopa tena.

Sisi tuliosoma Qur'ani tunajua kwamba aya ndefu kuliko zote, ile ya 282 katika Suratul Baqara, haikuja kueleza swala wala saumu. Imekuja kuelekeza namna ya kuandika deni: kiasi, muda, mwandishi na mashahidi, deni liwe dogo au kubwa. Sasa waulize vijana kumi waliomaliza chuo msikitini kwenu, kila mmoja anadaiwa kiasi gani. Wengi hawajui. Wanajua wamesaini, hawajui wamesaini shilingi ngapi. Hilo ndilo tatizo la kwanza, na linakuja kabla ya suala la fizikia.

Hesabu yenyewe

Tuchukue mfano. Kiasi cha mkopo hutofautiana kwa kila mwanafunzi kulingana na hali ya familia yake, kwa hiyo hizi ni namba za kufundishia, msomaji abadilishe kwa za kwake. Fedha ya chakula na malazi shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku 240 za masomo, ni 2,400,000 kwa mwaka. Ada tuseme 1,300,000. Vitabu, vifaa na mafunzo kwa vitendo tuseme 300,000. Jumla ni milioni 4 kwa mwaka. Shahada ya kwanza ya fizikia ni miaka mitatu, basi deni ni milioni 12.

Tuseme kijana huyo anaajiriwa kuwa mwalimu kwa mshahara wa shilingi 800,000. Mzee wangu wa nafaka akisikia laki nane atazizidisha kwa 12 na kuanza kupanga nyumba. Asubiri kwanza. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 24,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza mwaka 2021, inakuwa 68,000. Kama ni mwanachama wa chama cha walimu, kuna asilimia 2, yaani 16,000. Kisha Bodi ya Mikopo: tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Kinachofika mkononi ni shilingi 532,000.

Hapo kodi ya chumba haijalipwa, na mama kijijini hajatumiwa kitu.

Kwa makato ya 120,000 kila mwezi, deni la milioni 12 linalipwa kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Mshahara ukipanda linaisha mapema zaidi, kwa sababu makato yanapanda nao. Kwa mfano, Mei Mosi ya mwaka 2025 pale Singida ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara serikalini kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Kijana aliyeajiriwa na miaka 25 anaweza kuwa huru kabla hajafika 34, naye kazini atakaa mpaka 60. Deni lipo, lakini linalipika.

Wapo wanaosema: hizo milioni 12 si bora angenunuliwa bajaji, au akafungua duka sokoni? Hoja hii huisikia sana, na si ya kijinga. Ila nawauliza: nani atamkopesha kijana wa miaka 20 milioni 12 za bajaji, bila dhamana ya nyumba, bila faida, na amsubiri mpaka apate kazi ndipo amkate kidogo kidogo? Mkopo huu upo kwa ajili ya kusoma tu. Usiposoma, haubadiliki kuwa mtaji, unaondoka.

Gharama ambayo wazazi hawaihesabu ni miaka mitatu yenyewe. Kijana ambaye angekuwa sokoni akipata 300,000 kwa mwezi ameacha shilingi 10,800,000 kwa miaka hiyo mitatu. Akiajiriwa na kupata 532,000, ziada yake juu ya yule wa sokoni ni 232,000 kwa mwezi. Anahitaji karibu miaka minne kazini kurudisha alichokiacha tu, huku Bodi ikiendelea kukata. Kwa hiyo anayeniuliza "shahada inalipa?" namjibu: inalipa, lakini kuanzia mwaka wa tano wa kazi, si mshahara wa kwanza. Anayetaka kuona faida ya shahada mwezi wa kwanza ndiye anayeishia mikononi mwa wakopeshaji, na nitamrudia.

Ilivyokuwa kabla ya 2021

Sasa swali la pili la mzee, la riba. Hapa lazima tutenganishe vipindi viwili, kwa sababu fatwa ya jana inasomwa leo na kuwatisha watu bila sababu.

Kwa miaka mingi Bodi ilikuwa ikitoza asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lililobaki. Iliitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha. Jina lilikuwa zuri, lakini tazama kazi yake. Deni la milioni 12, asilimia 6 yake ni 720,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa mwezi. Kwa sheria ya zamani makato yalikuwa asilimia 8 ya mshahara. Mwenye 800,000 alikatwa 64,000. Toa 60,000 za tozo, zinabaki 4,000 za kupunguza deni. Shilingi elfu nne! Mtu alikatwa mwaka mzima na deni lake likapungua kwa 48,000. Ndiyo maana walimu wa rika langu walikuwa wakichapisha taarifa zao za deni na kushika vichwa: wamelipa miaka mitano na deni limesimama pale pale. Hata makato yalipopanda kuwa asilimia 15, nusu ya makato ilikuwa ikiishia kwenye tozo katika miaka ya mwanzo, na deni ambalo leo linaisha kwa miaka minane lingechukua zaidi ya miaka 11.

Juu ya hiyo kulikuwa na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kuanza kulipa. Aliyemaliza chuo akakosa kazi aliongezewa deni kwa kukosa kazi. Maulamaa waliosema hii ni riba hawakuhitaji kupekua vitabu vingi: nyongeza iliyoshurutishwa juu ya mkopo, inayokua kwa kupita muda, ndiyo ile ile waliyoijua watu wa Makka kabla ya Uislamu. Najua vijana wa Kiislamu walioacha chuo kwa ajili hiyo, na wengine waliosoma huku nyoyo zao zikiwasuta kwa kuona hawana njia nyingine. Siwalaumu hawa wala wale.

Mwaka 2021, siku ya Mei Mosi, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo ya asilimia 6, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikafutwa, utekelezaji ukianza Julai mwaka huo. Sina sababu ya kuisifu serikali kwa kuondoa kisichopaswa kuwepo, lakini haki ni kusema ukweli: mkopo ulibadilika sura. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja tu. Kwa deni la milioni 12 ni shilingi 120,000, na haikui hata ukikaa miaka kumi.

Je, hiyo asilimia 1? Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Amman mwaka 1986 na kuamua kwamba inajuzu mkopeshaji kuchukua gharama za huduma, kwa sharti zisizidi gharama halisi, na kinachozidi hapo ni riba. Wapo wanaosema asilimia si gharama halisi, kwa sababu karatasi za mkopo wa milioni 12 hazigharimu mara mbili ya karatasi za milioni 6. Hoja yao ina nguvu, na ingekuwa vyema Bodi ingetoza kiasi kimoja kwa kila mtu. Ila kuiweka ada ya mara moja daraja moja na tozo iliyokuwa ikizaa kila mwaka ni kutofanya uadilifu. Jirani zetu wa Kenya wana bodi yao tangu 1995, na mkopo wake wa kawaida una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Waislamu wa Mombasa na Garissa wangefurahi kuwa na tatizo la asilimia 1.

Na kukopa kwenyewe si aibu. Mtume (s.a.w) alifariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi mmoja wa Madina kwa ajili ya shayiri ya familia yake. Alichokichukia ni deni lisilo na niya ya kulipwa.

Fizikia inalipa nini?

Turudi kwenye fizikia. Kwa desturi ya nchi yetu, mwenye mchepuo wa PCB huota udaktari na mwenye PCM huota uhandisi. Fizikia ni mahali anapopelekwa aliyekosa nafasi huko. Kwa hiyo kijana huingia darasani akiwa na huzuni, na mzazi wake hana la kuwaambia jirani. "Anasomea fizikia." "Halafu atakuwa nani?" Kimya.

Jibu la kweli ni kwamba wengi wao watakuwa walimu, na hapa wazazi hukosea jambo moja kubwa. Hudhani mwalimu wa fizikia analipwa zaidi ya mwalimu wa historia kwa kuwa somo lake ni gumu. Katika matangazo ya ajira za ualimu serikalini, wenye shahada hao wawili wamewekwa ngazi moja ya mshahara. Fizikia hailipi zaidi. Inalipa mapema. Shule zinazokosa mwalimu wa fizikia ni nyingi, zinazokosa mwalimu wa historia ni chache. Mwaka 2017, baada ya ajira kusimama kwa ajili ya uhakiki wa watumishi, walioanza kuchukuliwa ni walimu wa sayansi na hisabati, na wa sanaa wakaambiwa wasubiri. Binti wa mzee wangu hakukosa akili wala bidii, amesimama tu kwenye foleni ndefu. Na katika hesabu ya deni kusubiri ndiko kunakoumiza. Chini ya sheria ya zamani, miaka mitatu ya kusubiri ingemwongezea mwenye milioni 12 shilingi 2,160,000 za tozo, na adhabu juu. Leo haimwongezei deni, lakini inamla umri.

Hata hivyo msifikiri mlango uko wazi kabisa. Ilipofika Januari 2025, walimu nao walianza kufanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira, wa fizikia wakiwemo. Na sisi wa Dodoma hatujasahau Mei 2016, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati walipoamriwa kuondoka UDOM kwa siku moja, wakajaa stendi na mabegi yao. Wale walikuwa wakisomea masomo ambayo taifa zima lilisema yana uhaba. Uhaba wa walimu katika takwimu na nafasi ya ajira katika bajeti ni vitu viwili.

Kuna tofauti ambayo mzazi lazima aiulize kabla ya kijana kuthibitisha chuo. Kuna shahada ya sayansi katika fizikia, na kuna shahada ya sayansi na elimu yenye fizikia. Zote ni miaka mitatu. Aliyesoma ya kwanza akitaka kufundisha shule ya serikali itambidi aongeze mwaka wa stashahada ya uzamili ya elimu, yaani ada nyingine na mwaka mwingine bila kipato. Anayejua hana mtaji wa kusubiri, na masikini hana, achukue yenye elimu, aiunganishe na hisabati kama anaiweza. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, kilichoanza 2004, nacho kinatoa shahada ya sayansi na elimu, kwa mzazi anayependa mazingira hayo.

Fizikia tupu ina milango yake, lakini ni myembamba na mingi haifunguki kwa shahada moja. Tume ya Nguvu za Atomu inahitaji watu wanaojua mionzi. Hospitali zenye mashine za kutibu saratani, kama Ocean Road na Bugando, zinahitaji wanafizikia wa tiba wanaopima kipimo cha mionzi kabla ya mgonjwa kuwekwa kwenye mashine, na huyo lazima asome zaidi ya shahada ya kwanza. Mamlaka ya Hali ya Hewa inahitaji watabiri wenye fizikia na hisabati nzuri. Ni kazi za heshima, na natamani nione jina la kijana wa Majengo humo. Lakini nafasi zake zinahesabika, na anayezilenga ajue anaanza safari ya miaka mitano au sita, si mitatu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika sayansi, nao si mkopo. Wapeni watoto taarifa hiyo wakiwa kidato cha tano, si baada ya matokeo.

Halafu kuna kipato cha pembeni. Tuisheni ya fizikia haikosi wanafunzi, hasa miezi ya kuelekea mtihani, na mwalimu mwadilifu asiyewanyima wanafunzi wake darasani ili wamfuate jioni anaweza kupata humo kodi ya nyumba. Wengine wanafunga umeme wa jua vijijini. Kwa kweli mafundi redio wa pale sokoni wanaishi kwa fizikia kila siku bila shahada, na baadhi yao wanampita mwalimu kipato, wala hawadaiwi na Bodi. Sisemi hili kuwavunja moyo wasomi.

Na wala si jambo jipya mwanafizikia kula kwa kazi ya pembeni. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufa Cairo karibu na 1040, ndiye aliyeandika Kitabu al-Manadhir na kuwafundisha walimwengu kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni, si kwa mwanga unaotoka jichoni. Mwanahistoria Ibn al-Qifti amesimulia kwamba mwishoni mwa umri wake aliishi Cairo kwa kunakili vitabu vitatu vya hisabati na falaki kila mwaka, akiviuza kwa dinari 150, na hizo ndizo zilikuwa riziki yake ya mwaka mzima. Elimu yake ya mwanga haikumlipa. Mwandiko wake ulimlipa. Hapa kwetu Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Magamba aliyeona mwaka 1963 kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya uliopoa, alichapisha makala ya fizikia pamoja na Dk. Denis Osborne mwaka 1969, na jina lake linasomwa vyuoni dunia nzima. Wakati huo alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori Mweka, na kazi yake ikawa wanyamapori. Nawataja hawa kwa wazazi wanaodhani elimu ni tikiti ya mshahara, ukikata hii unashuka kituo kile.

Mkopo juu ya mkopo

Nilisema nitawarudia wanaotaka faida mwezi wa kwanza. Katika miaka yangu ya kazi sijamwona mwalimu aliyeangushwa na Bodi ya Mikopo peke yake. Nimewaona walioangushwa na mkopo wa pili. Ameajiriwa Julai, Oktoba anachukua mkopo wa benki wa miaka mitano kwa riba ili anunue sofa na luninga, kwa sababu mtaani wanajua ana shahada na nyumba yake lazima ifanane na shahada. Sheria inataka ibaki angalau theluthi moja ya mshahara, naye hushuka mpaka pale pale kwenye theluthi. Akibanwa anaingia kwa wale tunaowaita kausha damu, anaacha kadi ya benki na namba ya siri, na siku ya mshahara mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine. Huyu hata angesoma uhandisi wa ndege asingepona. Mwalimu mwenye 532,000 anayekula 400,000 amemzidi mwenye milioni moja anayedaiwa kila kona, na riba ya huko haina hata khitilafu ya maulamaa ya kujificha nyuma yake.

Neno kwa akina kaka wanaooa walimu wa sayansi, maana siku hizi wanatafutwa. Deni la mke ni lake na mshahara wake ni wake. Matumizi ya nyumba ni juu yako. Kumwoa kwa kuhesabu laki nane zake, kisha kulalamika kwamba Bodi inamkata laki na ishirini, ni kujidhalilisha.

Limebaki jambo la mdhamini. Fomu ya mkopo ina sehemu ya mdhamini, na mara nyingi ni baba, mama au mjomba, anayesaini juu ya boneti ya gari nje ya ofisi ya mtaa bila kusoma. Katika fiqhi, dhamana ni mlango kamili. Ililetwa jeneza mbele ya Mtume (s.a.w), akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa anadaiwa dinari mbili, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a) aliposema dinari hizo ziko juu yake. Kwa ajili hiyo nawaomba wazazi: kabla ya kusaini, kaeni na kijana, andikeni katika daftari la nyumbani kiasi cha mkopo wa mwaka wa kwanza, na kila mwaka muongeze. Nakala moja akae nayo mama. Akimaliza, achukue taarifa ya deni lake Bodi na ilinganishwe na daftari. Anayo miezi 24 kabla ya kutakiwa kuanza kulipa, na akipata kazi shule binafsi ambayo mwajiri wake hapeleki makato, daftari hilo ndilo litakalomwonyesha mapema kwamba deni halipungui.